Kochi Lisilotulia

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwalimu wa udereva, na kwa vile neno alilolipigia kelele kutwa nzima lilikuwa "breki", neno hilo likamganda. Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki, muuza duka akamwita Breki, na mkewe naye, siku akiwa amekasirika, alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na mguu wake wa kulia ulishazoea kukanyaga chini popote alipo: kwenye foleni ya benki, kwenye kiti cha kinyozi, hata kitandani, mpaka mkewe akaamua kuweka mto katikati yao.

Basi wakabadilisha sakafu ya sebule. Ile saruji ya zamani ilikuwa imechimbika vibaya, wakaja mafundi wakaweka vigae vyeupe. Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na alishonea hapo hapo sebuleni, alifurahi kupita kiasi, maana sasa sindano ikidondoka anaiona. Kila asubuhi alivifuta vile vigae, akavipaka nta, akavisugua mpaka ukiinama unahesabu meno yako.

Lililoharibu furaha ni kochi. Kwenye saruji lilikuwa limetulia miaka nenda miaka rudi, lakini kwenye vigae likaanza safari. Ukijitupa juu yake, linarudi nyuma. Ukijiegemeza, linarudi tena. Ukinyoosha mkono kuchukua kikombe, unakuta meza imebaki kule. Na kila lilipoondoka lilitoa mlio wa kukwaruza uliowatia watu ganzi ya meno.

"Tulisukume mpaka ukutani, liegemee," alisema mwalimu.

"Na cherehani yangu? Na kabati la vitambaa? Nivibebe kichwani?" mkewe akamuuliza. Mjadala ukafungwa hapo.

Mwalimu akaenda dukani. "Nataka vitu vya kubandika chini ya miguu ya kochi, tuko kwenye vigae," akasema. Muuza duka hakuuliza zaidi, naye mwalimu hakueleza zaidi. Akapewa vibandiko laini vya sufi, akaenda kuvibandika huku akipiga mluzi. Mlio ukaisha kabisa! Akajipongeza. Kumbe kochi halikuacha kusafiri, liliacha kupiga honi tu.

Jumamosi akaja mama mkwe. Alikuwa mwanamke wa mwili na heshima zake, mpishi wa shule ya bweni kwa miaka mingi, ambaye hata wakuu wa shule walinyamaza akiingia. Mwalimu alimwogopa kuliko askari wa barabarani.

"Karibu mama, karibu ukae," akasema, sinia la chai mikononi.

"Ahsante mwanangu. Miguu imekwisha," mama akajibu, akajiachia kwenye kochi kwa uzito wake wote.

Kochi likaondoka kimya kimya. Mama mkwe, ameshikilia mkoba wake kifuani, akaanza kurudi kinyumenyume huku akimtazama mkwewe kwa mshangao, kama abiria anayeaga. Mwalimu akachanganyikiwa. Kumshika mama mkwe hawezi, sinia kulitupa hawezi. Kikamtoka kile anachokijua.

"Kanyaga breki! Kanyaga, mama, kanyaga!"

Mama, mtu msikivu, akakanyaga. Kadiri alivyokanyaga vigae ndivyo kochi lilivyozidi kusukumwa nyuma, mpaka likagonga kabati kwa kishindo. Juu ya kabati palikuwa pametundikwa gauni la bibi harusi la mteja, na shela yake. Gauni likashikilia. Shela ikashuka taratibu, ikamfunika mama mkwe mpaka kiunoni.

Kisha sauti ikatoka ndani ya shela:

"Wanangu, mnaniozesha tena bila hata kuniuliza?"

Mkewe mwalimu akacheka mpaka akakaa chini. Mwalimu hakucheka. Alisimama na sinia lake, masikio yanamwaka moto. Mtu aliyefundisha nusu ya mji kusimamisha magari ameshindwa kusimamisha kochi. Na mama mkwe, japo alikuwa akitabasamu alipovuliwa shela, alivuta kiti cha mbao, akakikagua miguu yote, ndipo akakaa.

Mama alipomaliza kikombe chake, mume na mke wakaacha vyao, wakalipindua kochi. Mke akagusa kile kibandiko kwa kidole, akakisugua, akamgeukia mumewe.

"Baba watoto, hii si sawa na kitambaa ninachong'arishia sakafu? Umelivisha kochi soksi!"

"Na wewe umelipakia nta njia nzima," mwalimu akasema kwa sauti ya chini.

Mke akatazama sakafu yake inayomeremeta, akaenda kubandika maji jikoni.

Kazi ikaanza. Mke akaosha vigae vya chini ya kochi kwa maji moto na sabuni mpaka nta ikatoka, akavikausha. Mwalimu akaenda uwanja wa mafunzo, akarudi na tyubu kuukuu ya gurudumu. Akaomba mkasi wa kukatia vitambaa. Mkewe akamtazama kama mtu aliyeombwa figo. Ikabidi mwalimu atumie kisu. Mke akamchorea mduara kwa chaki, kipimo sawa na mguu wa kochi, wakabandua sufi, wakapiga miguu msasa, wakapaka gundi, wakabandika mpira. Mama mkwe alisimamia kutoka kwenye kiti chake kama anasimamia sufuria ya watu mia.

"Bonyeza hapo pembeni, mwanangu. Panainuka."

"Ndiyo, mama."

Gundi iliposhika, wakaligeuza. Mwalimu akalisukuma kwa bega. Halikusogea. Mkewe akajitupa. Wapi! Wakajitupa wote wawili, wakarukaruka kama watoto, kochi likalalamika springi lakini miguu haikuondoka, na mwalimu akahisi heshima yake inamrudia.

"Sasa mama, karibu," akasema.

"Kaa tena wewe, nikuone," mama akajibu.

Akakaa. Mama akamzunguka, akalisukuma kochi kwa goti, kisha akamwashiria anyanyuke. Mama mwenyewe akashuka polepole, mkono mmoja umeshika ukingo. Akaegemea. Akainua miguu. Akashusha pumzi ndefu, na hata hakuchelewa, akaanza kukoroma, mkoba bado kifuani.

Mwalimu na mkewe wakavuta viti vya mbao, wakamalizia chai iliyopoa wakiongea kwa kunong'ona.

"Alisema anakaa siku ngapi?" mwalimu akauliza.

"Alisema ataondoka kesho," mke akasema, akimfunika mama yake shuka. "Lakini hiyo ilikuwa kabla ya kochi kutengemaa."