Siku Niliyoshusha Mbegu za Bibi Darini

Mvua ya huku kwetu milimani haina haraka. Kule Tanga inanyesha kwa kishindo, inakwisha, jua linatoka na watoto wanarudi uwanjani. Huku inaanza kama ukungu, asubuhi huoni kilima cha ng'ambo, na inaweza kukaa hivyo siku nne bila kupaza sauti. Nimezaliwa ndani ya mvua hiyo na nimelea watoto watano ndani yake. Katika miaka yangu ya uinjilisti nilifundisha shule ya Jumapili chini ya bati lililomeza kila neno nililosema. Kwa hiyo nasema bila kusita: mtoto hashindwi na mvua. Anayeshindwa ni mtu mzima asiye na jambo la kumpa.

Mwaka huo binti yetu anayefundisha Tanga alituletea wanawe watatu kwa likizo ya mwezi wa sita. Mkubwa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, wa pili mvulana wa tisa, na wa mwisho msichana wa sita ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka yote mawili. Masika yalikuwa yamechelewa kuondoka. Siku ya pili umeme ukakatika, televisheni ikafunikwa kitambaa, na yule mvulana akasimama mlangoni akauliza, "Babu, mvua ya huku inazimwa wapi?"

"Aliyeiwasha ndiye anayeizima," nikamwambia. "Sisi tupukuchue mahindi."

Tulipukuchua. Tukashindana nani atamaliza gunzi kwanza, tukaimba, tukahadithiana. Nilijiona hodari. Siku ya tatu mke wangu akajifunga kitenge juu ya koti, akachukua mwavuli, akaenda Mponde pamoja na kina mama wenzake wa kanisani kumwona mwenzao aliyejifungua. Mlangoni alinigeukia.

"Mzee, utawaweza?"

"Mama, nimeweza sharika tatu kwa baiskeli moja. Nenda."

Akaenda. Nami nikachukua trei mbili za mayai, nikazikata kwa kisu na kuziunganisha hadi nikapata safu nne za mashimo manane manane. Hilo likawa bao letu. Kete sitini na nne nilizihesabu kutoka kwenye ndoo ya maharage ya kula. Nikawafundisha kusambaza kete na kula za mwenzako, na kufikia saa nne mkubwa alikuwa ananifunga. Lakini bao ni la watu wawili, na mimi nilikuwa na watoto watatu. Aliyekaa nje alinuna, aliyefungwa alinuna zaidi, na mdogo akasema maharage ya kwenye ndoo ni mabaya, yeye anataka kete nzuri za kwake peke yake.

Hapo ndipo nilipoinua macho darini.

Jiko letu ni la nje, la kuni, na juu ya moto kuna dari la fito ambako moshi unapita mchana kutwa. Huko kulikuwa na kibuyu kilichozibwa kwa gunzi. Nilijua kina maharage, maana nilikisikia kikilia kila mke wangu alipokisogeza. Nilidhani ni mabaki ya mwaka uliopita. Sasa niseme jambo ambalo mtu wa huku atalielewa na wa mbali atalishangaa: miaka arobaini na minne ya ndoa, nami sikujua mbegu ya maharage inakaa wapi nyumbani mwangu. Kwetu mwanamume anashughulika na viazi na majani ya chai. Maharage ni ya mama, na mbegu ya maharage ni ya mama zaidi. Mwanamume haulizi, anaona tu yameota.

Nikapanda juu ya kiti, watoto wakanishikia miguu, nikashusha kibuyu. Tulipokimimina kwenye ungo zikatoka punje za mviringo, rangi ya maziwa, zenye michirizi ya zambarau na vumbi la majivu. Mdogo alipiga makofi. Nilitengeneza bao la pili, na amani ikarudi jikoni.

Adhuhuri bao likawachosha. Mvulana akafungua duka. Akamwaga maharage yote pamoja, ya ndoo na ya kibuyu, na ya ndoo nayo yalikuwa na michirizi. Akayakoroga kwa mkono kama wafanyavyo wauzaji sokoni, akaanza kupima kwa kopo na kugombana na wateja wake.

"Mama, hapa hatukopeshi."

"Kopo lako lina kitako kirefu, unatuibia!"

"Basi nenda Bumbuli ukanunue, ukanyeshewe."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, nikamshukuru Mungu kwa watoto wenye vichwa. Kisha nikasinzia kidogo. Nilipoamka mkubwa alikuwa amekwisha bandika sufuria kubwa ya maharage ya duka lao ili bibi yake akirudi akute chakula. Nikamsifu.

Mke wangu alirudi jioni, viatu mkononi, matope hadi magotini.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba wajukuu zangu. Hamjambo? Babu yenu hajawala?"

Akainama kunawa miguu, na akiwa ameinama hivyo akauona ungo. Aliokota punje moja, akaisugua kwa kidole gumba, akainusa. Kisha akatazama juu.

"Nani amepanda darini?"

"Babu," wakajibu wote watatu kwa pamoja.

"Tulimshikia miguu," mdogo akaongeza, ili naye apate sehemu yake ya sifa.

"Na kwenye sufuria kuna nini?"

"Maharage, bibi," akasema mkubwa. "Nimepika mimi. Leo wewe kaa tu."

Mke wangu alifunua sufuria, akachota kwa upawa, akatazama, akafunika. "Ahsante, mjukuu wangu," alisema, na sauti yake haikubadilika. Kisha akanigeukia na kuniambia kwa Kishambaa, ili watoto wasielewe, kwamba nimepika mbegu ya mama yake.

Hapo ndipo nilipoambiwa nilichopaswa kujua siku nyingi. Maharage yale mama mkwe wangu alimpa binti yake siku anaolewa. Mke wangu alikuwa akiyapanda kila mwaka na kujaza kibuyu tena, na hakuna nyumba nyingine iliyobaki nayo, kwa sababu yeye hufuata alivyolelewa: mbegu haitoki nyumbani kabla mwenyewe hajamaliza kupanda, naye akimaliza haikuwa inabaki ya kumpa mtu. Shamba lilikuwa tayari. Alikuwa anasubiri mvua ipungue tu. Sasa sehemu kubwa ilikuwa inachemka, na iliyobaki ilikuwa imechanganyika na maharage ya sokoni kama maji na maji.

"Tutayachagua," nilisema.

"Kwa macho ya nani, mzee?"

Yeye ana mtoto wa jicho pande zote mbili, na tulikuwa tunangoja zamu ya kufanyiwa upasuaji. Mimi bila miwani sitofautishi jogoo na tetea.

Tulikula maharage yale. Yalikuwa matamu, na hilo lilinisumbua zaidi. Ibada ya jioni ilikuwa zamu yangu. Nilifungua Kitabu, nikakifunga. Nimewahubiria watu wengi habari ya kutubu, na nimegundua ni rahisi kuliko kuifanya mbele ya wajukuu. Niliwaambia kwamba babu yao amechukua kitu kisicho chake bila kuuliza, akakiharibu, na anamwomba bibi msamaha.

Mvulana alinitazama kwa mshangao. "Babu, kumbe na wazee wanaomba msamaha?"

"Wanaomba," akasema mke wangu. "Na mimi nimesamehe. Ila maharage bado hayajasikia."

Watoto walicheka kwanza. Mimi nilichelewa kidogo.

Asubuhi mvua ilikuwa pale pale. Baada ya uji mke wangu aliweka ungo katikati ya mkeka, akawaita watoto wakae kuuzunguka. Akamwekea mkubwa punje mbili kiganjani.

"Mimi sioni, wewe ndiye utakayeniambia. Tazama pale punje ilipokuwa imeshikana na ganda. Kuna nini?"

Mkubwa akasogea dirishani. "Hii ina duara la manjano. Jembamba sana. Hii nyingine haina."

"Yenye duara ni ya mama yangu. Isiyo na duara ni ya sokoni. Sasa kazi ni yenu."

Nimesema nimewafundisha watoto miaka mingi, lakini sijawahi kuona watoto watatu wametulia hivyo. Walilala kifudifudi, pua zikikaribia kugusa punje. Kila aliyepata moja aliipeleka kwa bibi, naye akaizungusha katika ncha za vidole, maana vidole vyake vilikuwa vinajua umbo ambalo macho yalikuwa yamelisahau. Alizipokea, na nyingine akazirudisha.

"Hii mpeleke nyumbani kwao. Usimbebeshe mama yangu watoto wa watu."

"Lakini bibi, inafanana naye!"

"Kufanana si udugu. Lete nyingine."

Mvulana akawa mkali kama karani wa kituo cha kupimia majani ya chai. Mdogo, aliyekuwa hajui kusoma, aliwashinda wote. Alikuwa anaona duara kabla hajainua punje. Baada ya kila kumi, bibi yao aliwapa kipande cha habari za mama yake: jinsi alivyopanda kwa kisigino bila kuinama, jinsi alivyomficha paka kanisani ndani ya kapu. Wakitaka mwisho wa habari, wakatafute kumi nyingine. Mimi nikiwa na hadithi zangu zote sikuwahi kufikiria mpango huo.

Nilivaa miwani na kukaa nao. Nikachagua kikombe kizima kwa uangalifu mkubwa. Mke wangu alipitisha vidole, akarudisha nusu, kisha robo.

"Babu umefeli," alisema mdogo kwa huruma. "Nenda ukachochee moto."

Nikaenda kuchochea moto.

Ilituchukua siku mbili, na katika siku hizo hakuna aliyeuliza mvua inazimwa wapi. Mwisho tulipata vikombe viwili vya chai, kimoja kimejaa, cha pili kimefika nusu. Kibuyu kilikuwa kinachukua karibu vikombe kumi. Mke wangu aliviweka mezani. Kisha akamimina ile nusu kwenye kona ya kitenge, akafunga fundo, akachukua mwavuli.

"Unaenda wapi?"

"Kwa jirani, kule ng'ambo ya kijito. Ameniomba mbegu hii mara tatu nikamnyima."

Nilisimama. "Mama, zimebaki kidogo hivi, hujapanda hata moja, halafu unagawa? Si wewe mwenyewe husema mbegu haitoki kabla ya kupanda?"

"Nilikuwa nasema," alijibu akifungua mwavuli. "Lakini wewe upo, mzee. Na dari lipo. Unataka niziweke zote hapo tena?"

Watoto walimfuata kwa macho mpaka ukungu ukamficha. Nimesali na mwanamke huyu asubuhi na jioni maisha yangu yote ya utu uzima. Siku ile nilimwona akiacha neno la mama yake ili mbegu ya mama yake ipone.

Ijumaa mvua ilishika pumzi. Tukashuka shambani wote watano. Kila mtoto alipewa mstari wake, mbegu tatu kila shimo, na mkubwa akaujaribu mtindo wa kisigino mpaka akaanguka. Nami nikaomba mstari. Mke wangu alinitazama, akanionyesha wa pembeni kabisa, karibu na migomba, akanipa zile punje chache nilizochagua mwenyewe na ambazo vidole vyake vilikuwa vimezitilia shaka.

Watoto walirudi Tanga wiki iliyofuata. Kila Jumapili baada ya ibada simu ililia, na kwanza kabla ya salamu tulisikia sauti ya yule asiye na meno: "Zimeota?" Ziliota. Mwezi wa tisa tulivuna mistari mitatu ya maharage ya mama mkwe, kila punje na duara lake, na jirani wa ng'ambo akaleta kopo lake limejaa, akitabasamu. Sasa mbegu ile inalala katika nyumba mbili, na msimu ujao itakuwa tatu.

Mstari wangu nao ulizaa vizuri sana. Mke wangu alipasua ganda la kwanza, akapitisha kidole, akacheka, akalitupia kwenye sufuria.

"Haya, mzee," alisema, "ndiyo ya kula."