Nani Anachafua Hewa ya Burundi

Mwaka ule wa karantini mahafali yalifutwa, nami nikapokea shahada yangu kwa barua pepe, nikiwa na soksi zisizofanana. Mama alikuwa amewaambia watu wote wa kanisani kwamba mwanawe anasomea upepo. Wakamuuliza upepo gani. Ndipo akaniombea nafasi baada ya ibada ya Jumapili, iliyofanyika siku hizo kwenye simu, niwaeleze kwa Kiswahili. Alitaka kitu kimoja tu: akiulizwa tena, awe na la kusema.

Wiki nzima nilihangaika na maneno. Je, "mpaka" lingewakumbusha kambi za wakimbizi? Je, "sumu" lingewatisha wenye ndugu nyumbani? "Hewa" peke yake sikuitilia shaka.

Jumapili, sebuleni kwetu mtaani Guildford, huku ughaibuni, Mama akaketi kando yangu na nyuso zikajaa kwenye kioo cha simu. Nikaanza: "Burundi ni nchi ndogo ya milima. Wakati wa kiangazi majirani zetu wanachafua hewa, inavuka mpaka, inakuja kukaa mabondeni mwetu."

Kisha mama mmoja Mkongo akauliza polepole, "Mtoto, ni sisi tunachafua hewa? Mpaka inafika Burundi?"

"Ni ile maharagi unapikaka," akasema mumewe pembeni.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwa watu wa kawaida, aliyechafua hewa ni aliyejamba. Nilitamani kuhamia Minto, mtaa wa mbali nisikojulikana, siku hiyohiyo.

"Namaanisha moshi," nikasema. "Wa nyasi zinazochomwa."

"Na sisi Warundi," akauliza mchungaji, "hatuchafui?"

"Tunachafua pia, Mchungaji. Tunapikia mkaa."

"Amekubali," akasema yule mama.

Simu ya mchungaji ikaanguka, tukabaki tukitazama dari lake na kumsikia akicheka kwa kwikwi. Nami nikashindwa kujizuia. Mama alikuwa amevua miwani, anajifuta machozi kwa kanga. Akaninyang'anya simu.

"Nimeelewa," akawaambia. "Mtu akiwasha moto kwake, wa ng'ambo ya mlima anakohoa. Mwanangu anatafuta moshi umetoka kwa nani."

Miaka mitatu nilikuwa nimeshindwa kulisema hilo kwa ufupi hivyo.

Juma lililofuata, kwenye foleni ya duka, mama wa kanisani aliyeikosa ibada alimuuliza Mama nimesomea nini. Mama akashusha barakoa kidogo.

"Ni daktari wa ushuzi wa kimataifa."

"Si daktari, Mama," nikasema. "Ni shahada ya kwanza tu."