Edmund Kalinga na Mto Uliofurika

Edmund Kalinga wa Ilula hakupenda kukaa ndani. Jembe alilishika kwa sababu watoto lazima wale, lakini moyo wake ulikuwa porini, kwenye mizinga yake ya nyuki, na kwenye ligombo, zeze refu la Kihehe alilolichonga mwenyewe. Angeweza kusimama katikati ya njia, mkono juu, ili binti yake Evarista asikilize ndege fulani, kisha akakaa juu ya jiwe na kuitafuta sauti ya ndege yule kwenye nyuzi mpaka aipate. Evarista alimpenda kwa hilo, na kwa hilohilo alimwogopea.

Januari ya 1955 mvua haikukatika. Evarista, mwenye miaka kumi na minne, alitakiwa kuripoti shule ya bweni ya misheni, ng'ambo ya Ruaha Mdogo. Mwanafunzi akichelewa, nafasi yake hupewa mwingine. Mama yake, Paskalina, aliwasihi wafuate barabara kuu mpaka kwenye daraja la serikali, chini ya mji wa Iringa. Edmund akasema barabarani ni tope na malori tu, na porini ni karibu zaidi. Basi wakapita porini.

Magogo waliyozoea kuvukia yalikuwa yamekwenda na maji. Upande wa pili vijana wachache walisimama wakitazama. Edmund akavua shati, akapima kina kwa fimbo, akavusha sanduku la shule na ligombo lake kwanza, kisha akarudi kumchukua binti yake mgongoni. Maji yalimfika kifuani. Njia nzima aliimba, na Evarista alijua anaimba ili yeye asiusikie mto. Mara mbili aliihisi miguu ya baba yake ikiteleza.

Kwenye lango la shule alimshika mkono. "Baba, rudi kwa barabara. Nakuomba."

"Nitayaangalia maji kwanza," alisema Edmund. Hilo halikuwa jibu, na wote wawili walijua.

Walikubaliana kwamba akifika nyumbani atatuma salamu kwa katekista. Mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Wiki ya kwanza ikapita bila salamu, na ya pili ikapita. Evarista alisoma ukurasa uleule mara tatu asiambulie kitu. Kila mlango wa ofisi ulipofunguliwa, aligeuka kutazama.

Wiki ya tatu, Andendekisye, dereva wa lori la misheni, alikuwa akishusha magunia ya mahindi jikoni. Akawaambia wapishi kwamba mwanzoni mwa muhula kuna mtu alichukuliwa na maji kule kivukoni. Jina hakulijua. Evarista, aliyekuwa zamu ya kuni, aliuweka chini mzigo na kwenda kwa Sista mkuu kuomba ruhusa. Akaambiwa asubiri, wataulizia. Kesho yake, Jumamosi, alitoka bila ruhusa.

Alikwenda nusu mbio, akijiambia kwamba watu wanaovuka ni wengi, kwamba si lazima awe baba yake. Karibu na mto alisikia mashoka. Wanaume walikuwa wakikata miti, na wawili kati yao walibeba gogo begani: mzee mmoja asiyemfahamu na, nyuma yake, baba yake, amekonda, ndevu zimemjaa.

Evarista akakaa kwenye majani mabichi. Edmund alipomfikia, binti alikuwa analia kwa hasira.

"Nilikuzika, Baba. Kila siku nilikuzika."

Edmund akachuchumaa mbele yake, akamweleza. Asubuhi ile aliporudi mtoni, mmoja wa wale vijana waliokuwa wakitazama, Jailos, alikuwa akiwaambia wenzake kwamba kama mtu mzima aliyebeba mtoto ameweza, yeye atashindwaje. Kijana akaingia majini, Edmund akiona. Walimpata siku ya pili, mbali huko chini. Mzee aliyebeba naye gogo alikuwa Yotamu, baba wa marehemu.

"Aliniona mimi navuka," alisema Edmund. "Siondoki hapa mpaka pawe na daraja."

Nyumbani alikuwa ametuma habari. Shuleni alishindwa. "Ningekuambia nini? Kwamba wewe nilikuvusha, na mtoto wa mwenzangu akafa?"

Yotamu akampa Evarista viazi vya kuchoma, akamwambia taratibu kwamba siku za kwanza hakutaka hata kuuona uso wa Edmund. Kisha mama wa Jailos ndiye aliyemwomba Edmund awapigie ligombo, na tangu hapo alipiga kila jioni mlangoni kwao.

Evarista alirudi shule akapewa adhabu ya kufyeka majani wiki mbili. Aliifanya bila kunung'unika. Likizo ya Pasaka alilivuka daraja lile la miti nyuma ya baba yake, mikono yote miwili kwenye kamba.

Daraja lilidumu misimu minne. Lilipobomolewa na maji, Edmund aliacha mizinga yake wakati wa kurina asali, akaenda kwa Yotamu bila kuitwa, kulijenga upya. Wakati huo Evarista alikuwa mwalimu Mbeya. Kila mvua kubwa iliponyesha usiku, asubuhi yake alimwandikia mama yake kuuliza baba yuko wapi.