Nilimpita mwanyumba wangu ana pancha njia ya Konde, na pampu ninayo

Wakuu, salaam kwenu nyote. Hii si ya kusimuliwa, imenikuta mwenyewe hapa Pemba, na nimeikalia mpaka imenichosha. Sitajipamba. Mkinitukana mtakuwa na haki.

Kwanza mjue mimi na Faki ni nani. Faki ni mwanyumba wangu, yaani tumeoa dada na dada. Mimi nimeoa mkubwa, yeye kaoa mdogo. Mama mkwe wetu ni mmoja, Bi Mize wa Ole.

Masika moja mvua iliangusha ukuta wa nyumba ya Bi Mize, na paa likafuata. Alhamdulillah, mwenyewe alikuwa shamba. Mke wangu akafagia chumba, akatandika kitanda, tukakaa kumsubiri mama.

Akaenda kukaa kwa Faki.

Wakuu, mimi ndiye niliyeoa binti mkubwa! Kwangu kuna bati na choo cha ndani. Kwa Faki ni vyumba viwili, na kuku wanapita ukumbini kama wenye nyumba. Mke wangu akasema mama anapenda kucheza na wajukuu wa kule. Sikuamini hata kidogo. Niliona nimedharauliwa.

Basi ikaja habari ya msafara wa baskeli.

Vijana wa hapa kisiwani waliunda kamati, wakaandaa safari ya siku tatu kutoka Mkoani mpaka Konde, ya kuchangia nyumba za gharama nafuu kwa watu ambao nyumba zao zimeanguka. Si maghorofa: msingi wa mawe, kuta za boriti na fito zilizokandikwa udongo, bati juu.

Kila mpanda baskeli anachagua familia anayoipandia. Njiani watu wanaahidi walichonacho. Mwenye boriti, mwenye bati, asiye na kitu anaahidi siku yake ya kuja kukandika. Anayeahidi anaandika jina na kijiji kwenye kipande cha kanga, anakifunga kwenye baskeli yako. Familia ikipata vya kutosha inajengewa kabla ya masika. Isipopata, inangoja mwaka mwingine.

Nikajiandikisha kwa ajili ya Bi Mize. Nilitaka nyumba ile isimame na yeye ajue kaisimamisha nani.

Kugeuka, Faki naye anajiandikisha kwa ajili ya Bi Mize.

Mimi nimeazima baskeli ya gia kwa binamu yangu wa Chake, helmeti kichwani, miwani, pampu imefungwa kwenye bomba la fremu, viraka mfukoni. Faki kaja na ile nyeusi ya marehemu babake, ina kariya ya kubebea muhogo. Miguuni kandambili! Nilicheka peke yangu.

Siku ya kwanza, Mkoani hadi Chake, vilima mtindo mmoja. Nikaingia wa kwanza, nikapiga selfi. Faki kaingia alasiri, jasho tupu, baskeli imening'inia vitambaa kama imetoka harusini.

Mimi nilikuwa navyo vitatu. Kimoja cha binamu yangu.

Siku ya pili nikaamua nimchunguze. Kumbe mwenzangu anashuka! Mnajua desturi ya kwetu: hupiti mbele ya mtu mzima ukiwa juu ya baskeli ukamtupia salamu. Unashuka, unaamkia, unaulizwa wewe wa nani, unajieleza mpaka babu. Siku hizi wengi tumeacha, tunapiga kengele basi. Faki hajaacha. Kila baraza yenye mzee, miguu chini.

Nilimsikia mzee mmoja akimuuliza, "We wa nani, yakhe?"

"Mie wa Mzee Omar wa Ole, yule mpasua mbao."

"Babako ndo kapasua mbao za mlango huno! Haya, lete kitambaa."

Ndiyo hivyo tu. Mimi mlango ule ningeupita kwa gia ya tano.

Tulipofika Wete, mvuvi mmoja wa kisiwa cha Fundo aliyevuka kuleta samaki akamuahidi Faki tenga zima la kuwalisha watu siku ya kukandika. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na helmeti yangu. Hata hakunitazama.

Wakuu, niseme ukweli, wivu ulinikaba. Ulikuwa mdomoni kabisa, kama nimetafuna karafuu mbichi, ulimi unawaka. Tena vitambaa vile ni vya mkwe wetu sote, nilipaswa kufurahi. Nikashindwa.

Siku ya tatu, Wete hadi Konde. Faki aliondoka mapema. Nikamkuta njiani amechuchumaa kando ya baskeli, gurudumu la nyuma limelala chini. Gari ya kamati yenye vifaa ilishatangulia. Kati yetu wapandaji, pampu na viraka alikuwa navyo mtu mmoja tu, na Faki alijua ni nani.

Akainua mkono. "Mwanyumba! Pampu, yakhe!"

Nikainamisha kichwa, nikajifanya upepo umenijaa masikioni, nikapita.

Ndiyo, nilipita. Nilimsikia akiita mara ya pili.

Konde nikaingia wa kwanza. Soda, makofi, picha. Adhuhuri ikapita. Nikawa najiambia ameshakata tamaa, karudi Wete. Na nilijiambia hivyo kwa raha.

Alasiri kaja akiikokota.

Kwa sababu anatembea, hakuna nyumba aliyoipita bila kusimama. Watu walitoka wenyewe kumuuliza kulikoni, wakamtilia maji, wakasikia habari ya Bi Mize kuanzia mwanzo. Spoki hazikuonekana kwa vitambaa. Kijiji kimoja kizima kimeahidi kuja kukandika. Pale sokoni Konde watu walimpigia vigelegele, na mimi nikapiga makofi kwa sababu macho yalikuwa mengi.

Nikamsubiri aniumbue. Yeye akakaa kufungua vitambaa.

Nyumba ikapata kila kitu. Siku ya kukandika Ole ilijaa watu, samaki wa Fundo wakafika, wanaume tumevua viatu tunakanyaga udongo. Bi Mize kaja na ndoo ya maji, mtandio mdomoni, akasimama karibu yangu.

"Kombo mwanangu."

Wakuu, tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniita mwanangu.

"Labeka, mama."

"Faki kan'ambia. Gurudumu lilipokufa njiani, ni weye ulomsaidia. Bila weye nyumba hini isingesimama. Mungu akulipe."

Nikageuza uso kwenye ukuta. Ulikuwa bado fito tupu, na upande wa pili, katikati ya fito, Faki ananitazama. Kasikia yote.

Akanipitishia donge la udongo. "Tia vano, mwanyumba. Vana tundu."

Nikatia. Nikaziba pale pale palipokuwa na uso wake.

Sasa Bi Mize anakaa kwake. Kila Ijumaa ananiletea bakuli la chakula, wiki hii kisamvu cha nazi, wiki ile samaki wa kupaka. Mke wangu anafurahi hana mfano. Mimi naonja tonge moja, bakuli namsogezea yeye.

Na wivu haujaondoka, msidhani. Zamani nilimuonea Faki wivu kwa sababu ya vitambaa. Sasa namuonea kwa moyo ule. Kanisitiri bila kuombwa, na wala hajanikumbusha hata kwa utani. Ningempata na kosa moja tu ningepumua.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa naikimbilia shukrani ya yule mama siku zote tatu. Nimeipata, na sijui niiweke wapi.

Ijumaa hii nitakwenda mwenyewe kurudisha bakuli, na nataka nimueleze Bi Mize ukweli. Tatizo ni kwamba nikisema, Faki naye anaonekana mwongo kwa mkwewe kwa ajili yangu.

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Semeni mnavyoona, hata kwa ukali. Ila asije mtu hapa kuniambia ninyamaze. Hilo nimelijaribu, na mabakuli bado yanakuja.