Simu ya Wifi Sindano

Kama si simu ya wifi yangu, mama yangu angezikwa na siri yake, nami ningekuwa pale kaburini nimejishika kichwa, nauliza ilikuwaje. Mpaka leo nikilifikiria jambo hili mwili unanisisimka. Acha nilieleze lilivyotokea. Wanaotaka kumlaumu wifi wangoje zamu yao, maana mimi mwenyewe sijamaliza.

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani. Watu wote wanamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Akikuchoma leo, kesho bado unajikuna. Kaka anaendesha malori ya safari ndefu na nyumbani kwake huonekana kama mgeni, kwa hiyo chumba cha mbele Sindano amekifanya duka. Kuna cherehani dirishani, meza ya kukatia, pazia kwenye kona ambako wateja hujaribu nguo, na meza yangu mimi. Kazi yangu ni pasi, vifungo na mapindo. Humo ndani yeye ndiye bosi, lakini aliolewa kwetu, kwa hiyo kutwa namtania bila kuomba ruhusa.

Ufundi alifundishwa na shangazi yake, mama mmoja mkali aliyemwachia mambo mawili. Kwanza, mwili wa mteja ni amana: ulichokiona nyuma ya pazia kibaki nyuma ya pazia. Siku watakapojua unasema, hakuna atakayekuvulia tena hata kofia. Pili, usimwandike mteja kwa jina lake, mwandike kwa mwili wake, maana jina halimwambii mkasi wapi pa kupita. Basi kila kitambaa kinachoingia dukani Sindano hukibandika karatasi kwa pini: Mgongo wa Kobe. Bega Moja Chini. Kiuno Hakipo. Karatasi hizo hazisomwi na mtu ila sisi wawili, na nguo ikiisha zinakwenda kuwashia jiko. Kwake hayo si matusi, ni vipimo. Atamwandika mtu Kiuno Hakipo, kisha amshonee gauni mpaka mtaa mzima ugeuke na kukiona hicho kiuno.

Mikono yake ni ya dhahabu, lakini kichwa chake kwa tarehe ni pakacha. Alikuwa akimwambia kila mteja "njoo Jumamosi", na Jumamosi ikifika tunafurika kama kituo cha kupigia kura. Siku moja bibi harusi alikuja kuchukua gauni, akakuta kitambaa bado kimekunjwa vilevile alivyokileta. Mama yake alipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Sindano alishona gauni lile bila kunyanyua kichwa, na alipomaliza akaniambia, "Haya, wifi, umeshinda. Twende tukanunue hiyo simu janja unayoniimbia kila siku."

Dada aliyekuwa akiuza simu alikuwa na kucha ndefu na subira ndefu zaidi, na alizihitaji zote. Sindano alichagua simu kama anavyochagua kitambaa. Aliipapasa pembeni, akaigeuza upande wa ndani, akaiinua kwenye mwanga.

"Hii ikilowa inachuja?"

"Dada, hii ni simu."

"Najua ni simu. Nimeuliza ikilowa."

Ile nyembamba ya rangi ya dhahabu aliirudisha palepale. "Hii ni ya kuvalia harusini," akasema. "Mimi nataka ya kushindia." Mwisho akachukua nyeusi, nene, yenye kioo kikubwa na chaji isiyokata haraka. Muuzaji akamfungulia akaunti na kumwekea neno la siri, ambalo Sindano alimnong'oneza sikioni kana kwamba mimi ni mwizi. Kisha akamwekea programu ya miadi.

"Unaingiza namba ya mteja, siku yake, na kazi yenyewe," muuzaji akaeleza. "Siku ikikaribia, simu inakukumbusha. Na wateja je, niwawekee wakumbushwe?"

"Weka, weka! Hao ndio wasahaulifu wakubwa."

Hakuna aliyeuliza watakumbushwa kwa maneno gani. Muuzaji alidhani fundi ataandika "gauni" au "suruali", kama binadamu wengine.

Kumbe Sindano ni mwepesi wa kujifunza! Mwisho wa wiki alikaa na simu yake mezani, akachomoa karatasi kitambaa kwa kitambaa na kuziingiza zote, neno kwa neno, akiisemesha simu nayo ikiandika. Alifurahi kama mtoto. "Wifi, njoo uone," alikuwa akiniita, "hata koma inaweka yenyewe." Nilimpongeza, nikarudi kwenye pasi yangu, na karatasi zilizobaki akazimalizia usiku nikiwa nimeshaondoka.

Hapa lazima niseme habari za mama. Anakaa mtaa wa pili, peke yake kwa kupenda kwake. Ana kasimu kadogo kanakolala kabatini bila chaji, kwa hiyo kwetu sote namba ya mama ni namba yangu. Anayemtaka anipigie mimi. Miezi hiyo alikuwa akija dukani mara kwa mara kurekebishiwa magauni. Aliingia nyuma ya pazia na mkwewe, wakanong'ona, akatoka akituaga kwa haraka. Magauni yalipofika mezani kwangu karatasi ilikuwa imeshachomolewa, nayo yalikuwa mazito, bitana juu ya bitana, na pamba imeshonewa mabegani na kifuani. Niliona wivu, mjue. Nikamwambia Sindano, "Mama mkwe anapendelewa hivi, na mimi wifi yako hata bitana ya bure sijawahi kuiona." Akainamia cherehani yake, naye si mtu wa kuacha utani bila kulipiza.

Siku ya vituko ilianza asubuhi. Wa kwanza kuingia alikuwa mwalimu wa sekondari ya jirani, mzee wa heshima aliyepinda kidogo mgongoni. Hakutoa salamu. Alininyooshea simu yake, na mimi nikasoma: "Ndugu mteja, unakumbushwa miadi yako ya kesho. Kazi: Mgongo wa Kobe, aachiwe nafasi nyuma."

"Kobe ni nani?" akauliza.

Nilitamani ardhi ipasuke. Sindano alikuja, akasoma, na uso ukamsawijika. Kabla hajapata neno akaingia mama mwenye tanuri la mikate, huyu anacheka hadi machozi. "Kweli hakipo," akasema akijishika tumboni, "lakini ilikuwa lazima mniandikie?" Nyuma yake akaja karani wa mahakama, bega moja chini, na huyo hakucheka hata kidogo. Simu nyeusi ikaanza kulia juu ya meza, ikilia na kunyamaza na kulia tena, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Sindano akasimama katikati ya chumba. "Ni maneno ya mkasi hayo, jamani, si ya mdomo," akasema. "Mimi sijamtangaza mtu. Kila mmoja kaletewa la kwake." Mwalimu akachukua suruali yake ikiwa nusu imeshonwa, akatoka nayo. Yule wa mikate akamwambia aache kulia. Ndipo nikajua kwamba analia.

Mimi nilikuwa nimeshika pasi ya moto. Nilipoiweka nikakumbuka kwamba na simu yangu ilitetemeka mfukoni tangu mapema. Nikacheka, ndiyo, nilicheka, nikajisemea: ngoja nione mimi kaniita nani. Nikafungua.

"Ndugu mteja, unakumbushwa miadi yako ya kesho. Kazi: Anayeyeyuka, apunguzwe tena kiuno na mabega, iongezwe pamba kifuani. Watoto wasijue."

Nilisoma, nikarudia kusoma. Sikuwa na nguo yoyote kwa Sindano. Kisha nikakumbuka namba yangu ni ya nani. Nilikaa juu ya nguo zilizopigwa pasi.

"Wifi," nikamwita. "Anayeyeyuka ni nani?"

Aligeuka. Akaiona simu mkononi mwangu, akajua. Aliwatoa wateja nje, kwa adabu lakini aliwatoa, akafunga mlango mchana kweupe.

"Ni nani?" nikarudia.

"Unamjua."

"Tangu lini?"

"Tangu gauni la kwanza alilonipa nilipunguze. Kila akija, futi inaniambia amepungua. Nimemwambia, mama, twende hospitali, mpaka nimechoka. Akaniapisha. Anasema mkijua mtaacha kazi zenu, mtamzunguka kama mgonjwa."

"Na wewe ukanyamaza! Ukamjaza pamba kama mto, nikapiga pasi mimi, mwanawe, kwa mikono yangu hii!"

"Mteja akiniambia nyamaza, nanyamaza."

"Si mteja, ni mama yangu!"

"Akishanyanyua mikono nimpime, ni mteja," akasema, lakini alisema taratibu, kama mtu asiyejiamini tena. "Basi nipige, wifi. Nipige tumalizane. Nilikuwa nasali mtu mwingine agundue."

Sikumpiga. Hasira zilikuwapo, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira. Nilivaa viatu, na yeye akanifuata bila hata kujifunga kitambaa kichwani, tukatembea hadi mtaa wa pili.

Mama alikuwa uani akianika nguo. Alituona wote wawili saa ya kazi, akaelewa. Akamtazama Sindano kwa jicho ambalo sipendi hata adui yangu alipate.

"Umesema," akamwambia.

"Simu imesema, mama. Mimi nilikuandika tu, nisikose kipimo."

Mama akamalizia kubana shuka kwenye kamba. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, maneno yalikuwa yamejaa kinywani. Badala yake nikauliza kwa sauti ndogo kwa nini hakuniambia mimi, ninayekaa hatua chache tu kutoka kwake, ninayekuja kila siku.

"Unakuja," akasema. "Unasimama mlangoni, unaniuliza nimekula, unatazama saa, unaondoka. Nilijisemea, siku mmoja wao akinikumbatia sawasawa atajua mwenyewe, sitakuwa na haja ya kusema. Nikangoja."

Sindano akageukia ukutani. Mimi nilikosa pa kuweka uso.

Mama aliingia ndani kubadili nguo na akamwita mkwewe amsaidie. Nilimsikia akimwambia, "Hili la pamba weka pembeni. Daktari anione nilivyo." Alipotoka, gauni la zamani lilikuwa linamning'inia mabegani kama bado limo kwenye kamba. Sikumjua mama yangu. Mifupa ya shingo ilikuwa imechomoza, na mkono aliounyoosha kunishika ulikuwa mwembamba kuliko wa Sindano.

Tukatoka kwenda hospitali. Sindano alitangulia kutafuta gari, akiwa na simu yake mkononi, akiwajibu wateja mmoja mmoja kwa kuomba radhi huku akitembea. Tulipofika kwenye barabara kubwa mama akasita, magari yalikuwa mengi. Nikamshika kiunoni tuvuke. Mkono wangu ulimzunguka wote, ukanirudia kwenye tumbo langu mwenyewe.