Shati la Kaka Ukutani

Wasanii tulikuwa saba kwenye maonyesho yale ya Mwanza, na kazi yangu ndiyo iliyovuta watu. Nilitundika shati la kaka yangu, lile la bluu alilovaa machimboni Geita, bado lina udongo mwekundu. Nililichovya kwenye gundi, nikaliacha likauke kifua kimetuna, mikono imetanuka, utadhani mwenyewe yumo. Chini nikabandika karatasi: USIGUSE.

Kaka hakutolewa. Duara, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo lao, lilititia na watu watatu, wawili wakapatikana. Shati alikuwa amelivua juu, kwa sababu ya joto. Wenzake walilileta nyumbani Tinde, mama akaliweka chini ya mto wake na kukataa lisifuliwe. Nililichukua kimyakimya, nikijidai nitalirudisha. Mjinga mimi!

Baadaye wazee wa ukoo wakakubaliana: mwili hakuna, basi izikwe nguo yake, msiba uishe. Mama akainua mto, akakuta patupu. Hakuhitaji kuuliza ni nani.

Alinikuta Mwanza siku ya ufunguzi, nikijieleza mbele ya wageni.

"Shikamoo, mama."

Alinipita. Alikwenda moja kwa moja ukutani. Msimamizi wa jumba akamwahi. "Mama, hizo haziguswi."

"Huyu nimemzaa mimi. Wewe umemzaa?"

Yule bwana akasogea pembeni. Mama alilishusha shati, akalipeleka puani, akavuta pumzi. Akavuta tena. Wageni walisimama na glasi zao za juisi, na mmoja, akidhani ni sehemu ya onyesho, akapiga makofi. Watu wakiona haya husema natamani ardhi inimeze. Kwetu hatusemi hivyo tena.

"Linanuka gundi," mama alisema. "Umemfanya nini mwanangu?"

"Nilitaka watu wamwone, mama."

"Watu! Mimi nilikuwa namnusa."

Niliona aibu, halafu nikaona hasira, eti ananiaibisha mbele za watu. Ndiyo, nilimkasirikia mama yangu, siku ile, na shati lile mikononi mwake.

Kesho yake tulikuwa Tinde. Wajomba walikuwa wameshachimba kaburi dogo, la kutosha nguo iliyokunjwa. Baba mdogo akajaribu kulikunja shati. Halikukunjika. Akaukandamiza mkono wa shati kwa goti, ukalia ka! ukapasuka begani. Mama akapiga ukelele ambao hakuwahi kuupiga tangu duara lianguke.

"Mwacheni!" akasema. "Msimvunje."

Kisha akachukua jembe mwenyewe, akanikabidhi bila kunitazama.

"Panua."

Nikaingia shimoni. Kila nilipoinua kichwa, shati lilikuwa mapajani mwake limetanua mikono, naye ananionyesha kwa kidole nichimbe tena. Nilichimba mpaka jua likasogea, mpaka likawa kaburi la mtu mzima.