Nguzo ya kwanza ni ya mwenye nyumba

Saa kumi na mbili asubuhi, bondeni, chini kidogo ya Ndundu, Tamimu bin Mussa amesimama ndani ya maji yanayomfika magotini. Anasoma kijiti. Amekikata mwenyewe na kukitia alama saba kwa kisu, akakichomeka ukingoni. Jana maji yalikuwa chini ya alama ya tatu. Leo alama ya tatu haionekani.

"Vidole vinne kwa usiku mmoja," anasema, halafu anashusha pumzi. "Na masika yenyewe hayajaanza."

Ni mwezi wa Mfungo Nne, mwaka 1907. Tamimu ana miaka hamsini na kitu. Hicho kitu ni ngapi hajui, wala hajisumbui kukitafuta. Kazi yake ni kujenga madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo ambavyo watu wa bonde la Rufiji huhamia mto unapofurika. Humo hupika, hulala na kulinda mpunga wao dhidi ya ndege na nguruwe mpaka maji yashuke. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, na kipimo chake ni kilekile cha baba: sakafu ya dungu lazima ipite kimo cha mtu mrefu aliyenyoosha mkono juu.

Mwaka mmoja kabla ya vita alijenga madungu ishirini na saba. Kila dungu lilimpatia pishi kumi za mpunga na kuku mmoja. Mwaka huu, mpaka asubuhi hii, amejenga manne.

"Mtu wa mbali atadhani siye wajinga, hatuujui mto," anasema huku akitoka majini na kukamua shuka yake. "Tunaujua kuliko tunavyowajua shemeji zetu. Hilo silo linalotuua."

Linalowaua, kwa maelezo yake, ni nguzo ya kwanza.

Katika kitongoji hiki, nguzo ya kwanza ya dungu husimamishwa na mwenye nyumba. Fundi huchonga, hupima, hata shimo huchimba yeye, lakini mkono unaoisimamisha nguzo ile ni wa mume. Mume akifa, baba wa mke ndiye huisimamisha, au kaka yake; wasipokuwepo, fundi. Siku hiyo majirani huja kutoa pole, maana mbele ya watu wote mwanamke huyo amekwisha kuwa mjane.

Nyumba ziko thelathini na moja. Kati ya hizo, kumi na tisa wanaume wake waliondoka mwezi wa nane mwaka 1905, walipoitwa kwenda kupigana na Wadachi, yaani Wajerumani. Walikunywa dawa ya maji, wakaambiwa risasi zitayeyuka. Mwaka mmoja na nusu umepita. Wapo wanaosema wamekufa, wapo wanaosema wamefungwa minyororo pwani, na wapo wanaosema wamejificha kwenye vilima vya Matumbi. Maiti haijaonekana hata moja, wala salamu hazijafika.

Kwa hiyo wanawake wanangoja, na nguzo zimelala uani.

Mwaka wa kwanza kungoja kulikuwa na sababu nyingine. Mtu akijenga mapema, wenzake walimtazama kwa jicho baya, kwamba haiamini dawa na anawatakia mabaya waliokwenda. Watu walisema vita vitakwisha kabla ya masika na kila mwanamume atarudi kuchimbia nguzo yake. Sasa dawa haiaminiwi tena na mtu yeyote, lakini waume bado wanaaminiwa.

Tamimu anabeba panga lake na kuanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, kama afanyavyo kila siku. Kwanza anabisha kwa Mashavu, mama wa watoto watatu, anayetwanga mtama uani.

"Hodi, mwanangu. Maji yamepita alama ya tatu."

"Karibu, ami. Hayo ni maji ya vijitoni tu. Ya Ulanga, kule juu, bado hayajateremka."

"Yakiteremka hayatabisha hodi kama mimi."

Mashavu anaacha kutwanga. Anamtazama mzee bila hasira, kwa uchovu tu. "Hebu niambie kweli, ami. Unatafuta kazi, au unatafuta mume wangu awe amekufa?"

Tamimu anamuaga na kwenda zake.

"Kila nyumba huniuliza hivyo," anamwambia mwandishi wa habari hii, anayefuatana naye njiani. "Na hawakosei. Nikisimamisha nguzo, mimi ndiye nimezika. Fundi gani anapita akiomba kuzika watu asiowaona?"

Wapo waliomshauri awahamishe wote Kibiti, kwenye ardhi ya juu. Tamimu anatikisa kichwa. Kibiti hakuna mashamba yao, na ghala za watu wa huko zilichomwa moto na askari. Mpunga wa bondeni ndio chakula pekee kilichobaki, na mpunga usiolindwa huliwa na ndege kwa siku mbili.

Nyumba ya mwisho ndiyo inayomnyima usingizi. Anakaa humo binti yake, Mwanamkuu, mwenye miaka ishirini na mbili na watoto wawili wa kike, mdogo hajatimiza miaka miwili. Mume wake ni Abdalah, mmoja wa wale kumi na tisa. Nguzo zao sita ziko tayari tangu mwezi uliopita. Tamimu alizichonga, akazichoma ncha ili zisioze, akazilaza ukutani. Tangu siku hiyo baba na mwana hawasemezani vizuri.

Leo anamkuta akijenga tuta la udongo mbele ya mlango. Maji yako hatua kumi kutoka hapo.

"Tuta hilo halitazuia hata bata," anasema Tamimu.

"Litazuia mpaka arudi."

"Mwanamkuu, mwana'ngu."

"Baba, weye unaamini amekufa?"

"Sijui."

"Basi kama hujui, utanifanyaje mjane?"

Tamimu anakaa chini juu ya nguzo. Anachokonoa udongo kwenye kucha. Mwandishi anadhani mazungumzo yamekwisha, na mwenyewe Tamimu baadaye anakiri kwamba alitaka yaishie hapo. Kuna jambo amelificha mwaka mzima, na alijua akilisema litamvuta binti yake upande wowote kati ya mbili: kujenga, au kuzidi kungoja.

"Shangazi yako Tabu," anaanza.

Tabu alikuwa dada yake, akiishi Ngorongo. Mwanamkuu anajua, kama wote wanavyojua, kwamba mwaka jana alingoja mume, hakutaka nguzo isimamishwe, na mto ukamchukua yeye na mama mkwe wake. Walikaa juu ya paa siku moja na nusu, kisha paa likaondoka. Tamimu alifika na mtumbwi akapakuta palipokuwa na nyumba ni maji matupu. Nguzo alizochonga kwa mikono yake zilikuwa zimenasa kwenye matete.

"Usilolijua ni hili," anasema. "Mume wake alirudi."

Mwanamkuu anauacha udongo uanguke.

"Alirudi miezi miwili baada ya maji. Alikuwa akitafutwa na askari, ndiyo maana nikafunga mdomo. Sasa yuko mbali, hawampati. Alikuja mifupa mitupu, mguu mmoja umeoza. Akaniuliza nyumba yake iko wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia mkewe hakutaka kuwa mjane, alikuwa akimngoja yeye."

"Akasemaje?"

Tamimu anajifuta uso kwa shuka. "Akasema, 'Sasa mjane ni mimi. Shemeji, si bora ungenizika mimi?'"

Mtoto mkubwa anapiga maji kwa kijiti, anacheka peke yake. Mwanamkuu anamtazama yule mtoto, kisha anatazama nguzo zilizolala. Habari aliyoipata ina mambo mawili ndani yake, na yote mawili yanaonekana usoni mwake: kwamba wanaume hurudi, na kwamba huweza kurudi wakakuta maji.

"Kumbe wanarudi," anasema kwa sauti ndogo.

"Mmoja alirudi."

"Simamisha, baba."

Tamimu anachukua muo, ule mti mzito wa kuchimbia, na anachimba mpaka mkono wake unazama begani. Anainua nguzo ya kwanza. Nguzo inapoingia shimoni, Mwanamkuu anaketi palepale kwenye matope, anavua shanga za shingoni na kulia kwa sauti. Majirani wanasikia na wanakuja wakiwa wamejifunika, mmoja mmoja. Mashavu yumo. Anampa mwenzake pole, anamkumbatia, anaitazama nguzo, kisha anarudi kwake bila kumwambia fundi neno.

Hadi alasiri nguzo zote sita zimesimama na fito za sakafu zimefungwa. Maji yamelipita tuta. Watoto wamepandishwa juu, na mama yao yuko nao, amewapa watu mgongo, anaanza siku ya kwanza ya eda. Kesho, Tamimu anasema, atabisha tena nyumba kumi na nane zilizobaki, aanze na ya Mashavu.

Anaulizwa anatumaini nini. Anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Miaka yote nimeomba Mungu nguzo zangu zisimame. Hii naomba niing'oe. Abdalah akitokea hapo, hata maji yawe kifuani, nitaing'oa mimi mwenyewe, nimkabidhi aisimamishe kwa mkono wake. Na mwanangu asiponisamehe kwa kumzika mumewe akiwa hai, basi. Nitamsikia akinitukana kutoka huko juu dunguni."